Maji ya Kijiji Kabla ya Kisima cha Mafuta: Mwongozo Kamili wa Kuweka Kumbukumbu ya Hali ya Awali

Utafiti wa mafuta na gesi unaofanywa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) katika bonde la Eyasi-Wembere, ambalo upande mmoja limo wilayani Karatu, umewafanya watu wengi wa mkoa wetu waulize swali moja: tutajuaje kama uchorongaji umeharibu maji yetu? Jibu lake ni jepesi kulisema na gumu kulitekeleza. Utajua iwapo tu ulipima maji hayo kabla mtambo wa kuchoronga haujafika, na ukayapima kwa namna ambayo hakuna mtu atakayeweza kuyakataa majibu yako.

Hapo ndipo tunapokwama. Nimekaa na viongozi wa vijiji waliofika Arusha mjini wakiwa na maji kwenye chupa za soda, bila tarehe, bila jina la kisima, baada ya safari ya nusu siku kwenye joto. Maabara hupokea, hupima na kutoa namba, lakini namba hizo hazisimami mbele ya mtu yeyote mwenye nia ya kuzipinga. Mwongozo huu umeandikwa ili kazi hiyo isipotee bure tena.

Kwa nini huku kwetu jambo hili ni gumu zaidi

Maji ya ukanda wa Bonde la Ufa yana tabia zake. Floraidi iko juu kiasili katika visima na chemchemi nyingi za Arusha, Meru na Karatu, na meno yenye rangi ya kahawia ya watu waliokulia hapa ni ushahidi unaoonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, nasi tuna visima vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Ziwa Eyasi lenyewe ni la chumvi, na visima vilivyo karibu nalo huwa na chumvi tangu siku vilipochimbwa. Zipo pia chemchemi zinazotoa mapovu yenye naitrojeni na heliamu, gesi zinazotoka chini ya ardhi bila kuchokozwa na mtu.

Maana yake ni kwamba mwanakijiji akisema baada ya uchorongaji kuwa maji yana chumvi, yana floraidi au yanatoa mapovu, mradi utamjibu kwamba yalikuwa hivyo tangu zamani, na huenda utakuwa unasema kweli. Bila kipimo cha kabla, mkweli na mwongo hawatofautishwi.

Vifaa vya kuandaa kwanza

Usianze safari mpaka vitu hivi vyote viwe mezani.

- Chupa za plastiki safi kutoka maabara, za nusu lita au lita moja, kwa ajili ya floraidi, chumvi na madini.
- Vichupa vidogo vya kioo vya mililita 40 vyenye vifuniko maalumu, kutoka maabara, kwa ajili ya benzini, kemikali inayopatikana kwenye mafuta, na jamii yake.
- Chupa moja ya maji yaliyotoneshwa, yaani maji yasiyo na madini.
- Kipima chumvi cha mkononi, kile kinachopima upitishaji umeme wa maji, pamoja na kimiminika chake cha kusawazishia cha mikrosimensi 1,413.
- Kipimajoto na kipima pH.
- Glavu za mpira, jozi nyingi kuliko unavyodhani utahitaji.
- Deli kubwa la kubebea vitu vya baridi, na barafu iliyofungwa ndani ya mifuko.
- Kalamu ya wino usiofutika, lebo, daftari lenye kurasa zilizoshonwa, na simu yenye kamera na ramani.
- Fomu za makabidhiano ya sampuli kutoka maabara.

Daftari liwe la kushonwa, si la kuchanika. Ukurasa uliochanika katikati ya daftari ni swali ambalo hutapenda kuulizwa.

Hatua ya 1: Zungumza na maabara kabla ya kugusa maji

Watu wengi huanzia kisimani na kumalizia maabara. Geuza mpangilio huo. Arusha kuna ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kuna maabara za ubora wa maji zilizo chini ya Wizara ya Maji, na Tengeru kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Si kila maabara inapima kila kitu, kwa hiyo nenda ukiwa na orodha yako, uulize ni vipimo vipi wanavifanya wenyewe, vipi wanavipeleka kwingine, na ni siku zipi wanapokea sampuli.

Orodha yenyewe iwe hivi: pH, upitishaji umeme, kloraidi, bromaidi, sodiamu, potasiamu, bariamu, floraidi, naitreti, mafuta kwa jumla, na kundi la benzini. Ikiwezekana ongeza methani iliyoyeyuka majini.

Kila kimoja kina sababu yake. Tope linalotumika kuchorongea mara nyingi huongezewa uzito kwa madini ya bariti, ambayo yana bariamu, na mara nyingi hutiwa kloraidi ya potasiamu ili udongo wa mfinyanzi usivimbe kisimani. Maji yanayopanda pamoja na mafuta kutoka chini sana huwa na kloraidi nyingi na bromaidi. Benzini ni sehemu ya mafuta yenyewe, na ukomo wake katika maji ya kunywa ni miligramu 0.01 tu kwa lita kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Floraidi unaipima kwa ajili ya kumlinda kila mmoja: mradi usisingiziwe kilichokuwepo, na kijiji kisinyimwe haki yake kwa kisingizio cha kilichokuwepo.

Umefanikiwa hatua hii ukiwa umetoka maabara na chupa zao, fomu zao, na siku ya kurudisha sampuli mliyokubaliana.

Hatua ya 2: Chagua vituo vya kupimia

Usijaribu kupima kila kisima cha kata nzima. Vituo sita hadi kumi vinavyorudiwa vizuri ni bora kuliko thelathini vilivyopimwa mara moja.

Chora ramani ya eneo linalotarajiwa kuchorongwa, kisha ujue maji ya ardhini yanaelekea wapi. Afisa wa bodi ya maji ya bonde atakusaidia: Eyasi iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ilhali vijiji vya upande wa Moshi na mto Kikuletwa viko chini ya Bonde la Pangani, ambalo makao yake yako Moshi mjini. Weka vituo viwili juu ya mradi, mahali ambapo uchafu wake hauwezi kufika, na vinavyobaki chini yake. Vile viwili vya juu ndivyo mizani yako. Mabadiliko yakitokea juu na chini kwa pamoja, huenda ni ukame au mvua. Yakitokea chini peke yake, una hoja.

Changanya aina za maji. Chukua kisima kirefu, chemchemi, lambo la mifugo na mfereji wa umwagiliaji. Kwa mtu wa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, ambaye kitunguu chake kinaishi kwa maji ya chemchemi, mfereji una uzito uleule wa kisima cha kunywa.

Piga picha ya kila kituo, andika majira yake ya nukta (latitudo na longitudo) kutoka kwenye simu, na ukipe jina fupi ambalo halitabadilika kamwe. Kisima kinachoitwa leo "kwa mzee" na kesho "cha shuleni" kitakuwa visima viwili kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Pitisha jambo hili kwenye mkutano wa kijiji

Hatua hii ni fupi, lakini usiiruke. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji waitishe mkutano, wateule watu watatu wa kuchukua sampuli na wawili wa kushuhudia, na muhtasari ugongwe muhuri. Sampuli iliyochukuliwa na mtu mmoja kwa hiari yake ni habari. Ile iliyochukuliwa kwa azimio la kijiji, mbele ya mashahidi, ni ushahidi. Waalike pia watu wa mradi washuhudie. Wakija, hawataweza kuyakataa majibu baadaye; wasipokuja, nakala ya mwaliko inabaki kwenye faili.

Hatua ya 4: Chukua sampuli

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, kwa hiyo tutaenda polepole.

Anza asubuhi. Aliyeshika petroli au dizeli siku hiyo asishike chupa. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona likiharibu kazi ya wiki nzima: kijana alijaza mafuta kwenye injini ya pampu, akafuta mikono kwa kitambaa, kisha akafungua vichupa vya benzini. Majibu yalionyesha benzini katika kisima ambacho hakina mafuta umbali wa kilomita nyingi. Pikipiki izimwe na iegeshwe upande ambao upepo unaelekea, mbali na kisima. Jenereta vilevile. Kama pampu ni ya dizeli, ijazwe mafuta jana yake, na anayeiendesha abaki kwenye pampu.

Sawazisha kipima chumvi kwa kile kimiminika cha 1,413, na uandike kilisoma ngapi.

Kisha toa maji yaliyolala kwenye bomba. Maji yaliyokaa ndani ya kisima usiku kucha yamegusana na hewa na chuma, nayo si maji ya mwambani. Piga pampu huku ukisoma upitishaji umeme na jotoridi kila baada ya dakika chache, mpaka usomaji wa mara tatu mfululizo ufanane. Kwa kisima kinachotumika kila siku, dakika kumi huwa zinatosha. Chukua maji kabla hayajaingia kwenye tangi la plastiki la juu, kwa sababu ndani ya tangi gesi hutoroka na tabia ya maji hubadilika. Ondoa mpira uliovalishwa bombani.

Vaa glavu mpya kwa kila kituo.

Chupa za plastiki: suuza mara tatu kwa maji ya kituo hichohicho, mwaga chini ya mkondo, kisha jaza. Floraidi huwekwa kwenye plastiki na kamwe haiwekwi kwenye kioo, kwa kuwa hushambuliana na kioo na kipimo kikapotea. Chupa ya madini kama bariamu hutiwa tindikali ya naitriki, na mara nyingi maabara huwa imeshaiweka ndani. Chupa ya namna hiyo isisuuzwe, na isijazwe mpaka kumwagika.

Vichupa vya kioo: hivi ndivyo vinavyowashinda wengi. Benzini na methani hutoroka hewani upesi, kwa hiyo maji yaingie taratibu yakiteleza kwenye ukuta wa kichupa, bila povu wala mchirizi wa juu. Jaza mpaka maji yavimbe kidogo juu ya mdomo kama mgongo wa kijiko, kisha funga. Kigeuze juu chini, ukigonge kwa kidole, ukitazame dhidi ya jua. Ukiona kiputo cha hewa, tupa, anza upya na kichupa kingine. Usiongeze maji kwenye kichupa kilichokwisha kufungwa, kwa sababu tindikali ya kuhifadhia iliyowekwa ndani itakuwa imepungua.

Katika kituo kimoja kwa siku, chukua sampuli mbili za maji yaleyale na uzipe majina tofauti. Maabara ikitoa majibu yanayokaribiana bila kujua ni pacha, umeipima maabara yenyewe. Na mahali pamoja, fungua ile chupa ya maji yaliyotoneshwa, umimine kwenye chupa za sampuli palepale kisimani, uzifunge na uzipeleke pamoja na nyingine. Benzini ikionekana humo, uchafu umetoka mikononi mwenu au hewani, si kisimani.

Andika lebo kabla ya kujaza, kwani lebo haikamati kwenye chupa iliyolowa: jina la kituo, tarehe, saa, aliyechukua, kipimo kinachotakiwa. Andika hayohayo kwenye daftari, na ongeza hali ya hewa, harufu, rangi, na chochote kilicho karibu, kama vile choo, zizi au shamba lililopigwa dawa. Mashahidi watie sahihi palepale, si jioni nyumbani.

Onyo: kama maji yanatoa mapovu, usiwashe kiberiti kuyajaribu, na usiingize kichwa ndani ya kisima kilichofunikwa. Methani hulipuka, na gesi nyingine zinaondoa hewa ya kupumua bila harufu yoyote.

Utajua umefanikiwa ukiona vichupa visivyo na kiputo, daftari lenye sahihi, na usomaji wa upitishaji umeme uliotulia katika kila kituo.

Hatua ya 5: Safirisha

Sampuli zikae kwenye barafu karibu na nyuzi joto 4, zisigande. Vichupa vya kioo vilivyogandishwa hupasuka njiani kati ya Karatu na Arusha, na safari yote inakuwa imepotea. Usiweke deli kwenye buti pamoja na dumu la petroli, wala juu ya basi kwenye jua.

Sampuli za benzini zilizotiwa tindikali hustahimili siku 14, floraidi siku 28, na madini hata miezi sita. Vijidudu ni suala jingine: ukitaka vipimwe, vifike maabara ndani ya saa 24. Kila anayekabidhi na kila anayepokea deli aandike jina na saa kwenye fomu ya makabidhiano. Kama kuna saa tatu ambazo hakuna aliyeandika deli lilikuwa kwa nani, wakili wa upande wa pili atazitumia saa hizo hizo.

Hatua ya 6: Rudia katika msimu mwingine

Kipimo kimoja hakitoshi. Pima mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua na chumvi imekazana, na upime tena baada ya masika, mvua zikiwa zimeyachanganya. Katika kisima kimoja tofauti ya misimu inaweza kuwa kubwa, na mtu asiyeijua ataiita uchafuzi. Mara mbili ndicho kiwango cha chini. Nne katika mwaka mmoja ni imara zaidi. Kati ya safari za maabara, mmoja wa kamati asome upitishaji umeme kila wiki, siku ileile, saa ileile. Kipimo hicho hakina gharama baada ya kununua kifaa, na ndicho kitakachopiga kengele ya kwanza.

Hatua ya 7: Yaingize majibu kwenye tathmini ya mazingira

Mradi wa kuchimba mafuta au gesi lazima ufanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mamlaka ya mazingira ya taifa, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la NEMC, ndiyo huipitia. Omba muhtasari wa Kiswahili wa ripoti ya tathmini hiyo, lakini soma pia sura ya hali ya sasa ya mazingira na mpango wa usimamizi. Usiende kwenye mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi kutoa hotuba. Hotuba huandikwa "wananchi walitoa wasiwasi" na kuishia hapo. Peleka maoni yaliyoandikwa, kila moja likitaja ukurasa, kasoro, ushahidi na ombi. Kwa mfano:

"Sura ya maji inasema visima vya eneo vina chumvi, bila kutaja namba. Kamati ya kijiji ilipima vituo vinane kwa misimu miwili, majibu yameambatishwa. Tunaomba vituo hivi viwe sehemu ya mpango wa ufuatiliaji, vipimwe na mradi kila miezi mitatu, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji."

Zaidi ya maji, kuna mambo matano ambayo ningeyatafuta kwanza kwenye ripoti hiyo.

La kwanza ni ukuta wa kisima. Mabomba ya chuma yanayoteremshwa, pamoja na saruji inayojazwa kati ya bomba na mwamba, ndiyo kizuizi kati ya mafuta na maji ya kunywa. Uliza bomba la kwanza litafika kina gani chini ya tabaka la maji baridi, saruji itapimwaje, na nini kitafanyika ikionekana ina ufa. Kama una nafasi ya swali moja tu, uliza hili.

La pili ni tope na mabaki ya miamba. Tope lizungushwe kwenye matangi ya chuma badala ya shimo lililochimbwa. Kama ni shimo, litandikwe nailoni nzito na lizungushiwe uzio dhidi ya mifugo. Ripoti itaje kwa jina mahali mabaki yatakapopelekwa. Maneno kama "yatatupwa ipasavyo" si jibu.

La tatu ni maji ya kuchorongea: yatatoka wapi na mita za ujazo ngapi kwa siku, hasa miezi ya kiangazi.

La nne ni gesi ya majaribio, yaani ile inayotoka kisima kinapojaribiwa. Gesi ikiachwa ipande hewani bila kuchomwa, methani yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa, ukihesabu miaka 20. Kuichoma kwa mwali safi ni afadhali, na kuikusanya itumike ni bora zaidi. Omba muda wa kuchoma uandikwe, kiasi kipimwe, na viungio vya mabomba vikaguliwe kwa kamera ya kuona gesi, kwa kuwa uvujaji mdogo wa kila siku hauonekani kwa macho.

La tano ni kufunga kisima. Kisima kisicho na mafuta nacho ni tundu linalounganisha tabaka za chini na maji yenu, hivyo kizibwe kwa saruji katika tabaka zake, na ripoti iseme nani atakikagua baadaye na kwa fedha ya nani.

Hatua ya 8: Endelea wakati wa kazi na baada yake

Mtambo ukifika, usomaji wa kila wiki uwe wa kila siku kwenye vituo vya chini. Upitishaji umeme ukipanda nje ya kiwango mlichozoea kwa msimu huo, soma tena kesho yake kwenye kituo hicho na kwenye vituo viwili vya juu. Ukipanda chini peke yake, chukua sampuli kamili siku hiyo hiyo, watu wapewe maji mengine ya kunywa, na barua iende kwa bodi ya maji ya bonde, kwa ofisi ya mazingira ya kanda, na kwa PURA, inayosimamia mkondo wa juu wa petroli, yaani utafutaji na uchimbaji wake. Barua iwe na namba, tarehe na nakala ya majibu ya awali.

Katika majibu ya maabara, usikimbilie kloraidi peke yake, kwani inaweza kupanda kwa ukame. Kloraidi ikipanda pamoja na potasiamu na bariamu, fikiria tope la kuchorongea. Ikipanda pamoja na bromaidi, fikiria maji ya chini sana. Benzini ikionekana na maji yale yaliyotoneshwa yakawa safi, usisubiri kipimo cha pili ndipo uwazuie watu kunywa. Wazuie kwanza, kisha pima tena.

Tunza majibu katika nakala tatu: moja ofisi ya kijiji, moja kwa mtu mliyemteua nje ya kijiji, na moja iliyopigwa picha na kuhifadhiwa mtandaoni. Endelea kupima vituo vya chini hata baada ya mtambo kuondoka, walau misimu miwili ya mvua, kwa sababu maji ya ardhini hutembea polepole, na uchafu ulioingia mwezi wa uchorongaji unaweza kuchukua miaka kufika kwenye kisima cha jirani.